Nani Aliyehesabu Miaka ya Olduvai?

Swali la msomaji, mama wa Usa River: "Tunajenga, na mafundi walipochimba shimo la choo ukuta wake ulionyesha rangi tofauti: udongo mweusi juu, chini yake kitu cha kijivu kama majivu, kisha mawe yaliyochanganyika na matope makavu, magumu kweli. Mwanangu wa kidato cha pili, ambaye shule yao iliwapeleka Olduvai, ananiuliza maswali nisiyoweza kuyajibu. Huko waliambiwa kwamba fuvu lile lina miaka karibu milioni mbili. Nani alihesabu? Wanapima mfupa wenyewe? Na sisi hapa tukichimba zaidi, tutakuta mifupa ya kale?"

Jibu:

Mama, nakushukuru kwa swali lako, na nimefurahi zaidi kwamba limetoka kwa kijana aliyetazama ukuta wa shimo akaona jambo la kuulizia. Nianze na jibu la moja kwa moja, kisha nieleze linasimamia wapi. Fuvu la Olduvai, la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, halikupimwa lenyewe. Kilichopimwa ni majivu ya volkano yaliyotanda chini yake na juu yake. Na kwa kuwa fuvu lilikutwa katikati ya matabaka hayo, umri wake hauwezi kuzidi ule wa majivu ya chini wala kupungua chini ya ule wa majivu ya juu. Kusoma historia ya dunia katika miamba kuna hatua mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kupanga mfuatano, yaani kipi kilitangulia na kipi kilifuata, na hatua hiyo haihitaji mashine yoyote. Ya pili ni kutafuta idadi ya miaka, na hapo ndipo maabara inapohitajika. Hatua ya kwanza mwanao anaweza kuifanya hapo hapo nyumbani kwa macho yake.

Kanuni ya msingi iliandikwa mwaka 1669 na Nicolaus Steno, mwanasayansi wa Denmark: katika matabaka ambayo hayajapinduliwa wala kuvurugwa, la chini ndilo lililotangulia kuwekwa. Kutokana na hiyo zinafuata nyingine mbili. Jiwe lililomo ndani ya tabaka ni la kale kuliko tabaka lenyewe, kwa sababu ni lazima jiwe liwepo kwanza ndipo libebwe na kuzikwa. Na chochote kinachokata matabaka ni kipya kuliko matabaka hayo, kama shimo lenu lilivyo jipya kuliko yote linayoyapasua, au kama mwamba moto uliopenya katika ufa wa mlima ulivyo mpya kuliko mlima uliopenywa. Ukweli huu ni mwepesi kueleweka, na labda ndiyo sababu watu huupita haraka, lakini wanajiolojia walipanga sehemu kubwa ya historia ya dunia kwa kanuni hizi tu kabla hajatokea mtu aliyeweza kutaja mwaka hata mmoja kwa uhakika.

Sasa turudi Usa River. Naomba kijana asiingie shimoni, kwa kuwa kuta za udongo wa aina hiyo huporomoka bila taarifa; lundo lililotolewa linatosha. Achukue kipande cha lile tabaka la mawe, akipasue, na atazame maumbo. Akikuta mawe ya mviringo, laini, yenye ukubwa unaokaribiana, ajue kwamba yalisuguliwa na maji yakitembea na kwamba mto ndio uliyapanga. Akikuta mawe yenye kingo kali, makubwa kwa madogo yamejaa ovyo katika matope bila mpangilio, hapo si kazi ya mto wa kawaida, bali ni matope mazito yaliyoteremka kwa kasi yakazoa kila kitu njiani. Kwa jinsi ulivyolieleza, na kwa mahali mlipo, naona la pili ndilo lenye nguvu zaidi. Mlima Meru unapoutazama kutoka upande wa Momella haujafungwa; kuta zake zimebaki kama kiatu cha farasi kilichofunguka kuelekea mashariki. Maelfu kadhaa ya miaka iliyopita ubavu mzima wa mashariki uliporomoka, na kifusi chake kikasambaa mbali katika nyanda za chini. Vile vilima vidogo vidogo vinavyoonekana ndani ya Hifadhi ya Arusha ni marundo ya kifusi hicho, na maziwa ya Momella yamekaa katika mashimo yaliyo kati yake. Mbali na poromoko hilo, mvua na milipuko imeteremsha matope ya mawe mara nyingi katika miteremko ya kusini na mashariki. Meru ulilipuka kwa mara ya mwisho mwaka 1910, jambo ambalo wengi wetu tunaoishi chini yake hatulifikirii.

Lile tabaka la kijivu alisugue kati ya vidole. Majivu ya volkano hayafanani na majivu ya kuni: yanakwaruza, kwa sababu ni chembe za kioo na fuwele zilizovunjika wakati mlima ulipolipuka, na ukizielekeza kwenye jua baadhi hung'aa. Udongo mweusi wa juu ni majivu na mawe ya namna hiyo hiyo yaliyooza taratibu kwa mvua, mizizi na wadudu, na ndiyo sababu migomba yenu inastawi. Miamba hii hii ndiyo inayotoa madini ya floraidi yanayoingia katika maji ya visima na chemchemi za eneo letu na kuacha rangi ya kahawia katika meno ya watoto; kwa hiyo mnapochimba kisima, maji yapimwe kabla ya kunywewa.

Mlimani Kilimanjaro mpangilio huo huo unaonekana kwa ukubwa unaostahili. Mlima ule ni volkano tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Lava ya Kibo imefunika sehemu ya Shira na kuegemea Mawenzi, kwa hiyo Kibo ni mdogo wa wote kwa umri ingawa ndio mrefu, wenye mita 5,895. Kauli hiyo haikuhitaji maabara. Vipimo vilipokuja baadaye vilithibitisha mfuatano huo na kuongeza idadi: milipuko ilianza takriban miaka milioni 2.5 iliyopita, na sehemu kubwa ya Kibo imejengwa ndani ya miaka nusu milioni ya mwisho. Katika njia za kupanda Kibo kuna mawe meusi yenye fuwele kubwa nyeupe zenye umbo la msambamba, na mtu yeyote anaweza kuyatambua. Fuwele kubwa huhitaji muda kukua, kwa hiyo zilikua polepole zikiwa bado chini ya ardhi katika mwamba uliokuwa ukipoa. Lile jiwe jeusi lililozizunguka, lenye chembe ndogo mno, ndilo lililoganda haraka baada ya kutoka nje. Jiwe moja la ukubwa wa ngumi linabeba hatua mbili za maisha ya mlima.

Kuhusu mifupa, sipendi kumvunja moyo kijana, lakini uwezekano wa kuikuta chini ya choo chenu ni mdogo sana. Mnyama anapokufa, fisi, jua, mchwa na mvua huumaliza mwili wake, na mifupa inayobaki huyeyuka katika udongo wenye unyevunyevu na asidi kama wa mashamba ya migomba. Ili mfupa uwe kisukuku ni lazima uzikwe mapema, ukae katika maji ya ardhini yenye madini yanayoingia ndani ya vitundu vyake na pengine kuchukua nafasi yake chembe kwa chembe, usipondwe wala kuchomwa, na mwishoni, baada ya muda usioelezeka kwa kipimo cha maisha yetu, ufunuliwe tena pale ambapo kuna mtu wa kuuona. Olduvai ilipata yote hayo. Palikuwa na ziwa la chumvi na magadi ambalo kingo zake ziliwavuta wanyama; volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, hasa Olmoti, zilikuwa zikimwaga majivu mara kwa mara na kufunika kila kilichoachwa; kisha nyufa za Bonde la Ufa zikaivunja ardhi hiyo, na mto wa msimu ukaikata hadi kufikia kina cha karibu mita 90. Bila mto ule, matabaka yangekuwapo hadi leo na hakuna ambaye angejua. Ndiyo sababu watafutaji wa visukuku hawaanzi kwa kuchimba. Hutembea kwenye makorongo yaliyo wazi, baada ya mvua, wakitazama chini.

Kisukuku si lazima kiwe mfupa. Kinaweza kuwa kombe, jani, chavua ya ua, kinyesi, au alama tu ya mwili uliopita, na mfano ulio bora kuliko yote niijuayo uko Laetoli, kilomita zipatazo 45 kusini mwa Olduvai. Mwaka 1976 watafiti wa timu ya Mary Leakey walitambua nyayo za wanyama katika jiwe lililokuwa majivu ya volkano, na mwaka 1978 wakafikia nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, zikiwa na kisigino, upinde wa wayo na kidole gumba kilichonyooka sambamba na vingine, si kilichochomoza pembeni kama cha sokwe. Njia ile ina urefu wa mita zipatazo 27. Tabaka lenye nyayo lina unene wa takriban sentimita 15 tu, lakini ukilitazama kwa karibu utaona kuwa ni majivu yaliyoanguka mara nyingi, safu juu ya safu nyembamba. Juu ya baadhi ya safu hizo kuna vitundu vidogo vya matone ya mvua. Mvua nyepesi ililowesha majivu, wanyama wakapita, majivu yakakauka na kuwa magumu, kisha mengine yakaanguka na kuzifunika alama zile kabla hazijafutika. Kanga walipita pale, na sungura, na tembo, na aina ya farasi mwenye vidole vitatu ambaye hayupo tena duniani. Hakuna mfupa unaoweza kueleza jambo la namna hiyo, yaani kwamba kiumbe fulani alitembea kwa mwendo fulani juu ya ardhi iliyolowa, na kwamba wenzake walikuwa pamoja naye. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, pamoja na wenzao wa Italia, walitangaza nyayo nyingine katika eneo hilo hilo, za watu wawili zaidi, mmoja wao akiwa na wayo mkubwa kuliko wote waliojulikana hapo awali. Umri wa tabaka hilo ni takriban miaka milioni 3.66, na hapa ndipo swali la kijana la "nani alihesabu" linapohitaji jibu kamili.

Katika mawe mengi ya volkano kuna elementi ya potasiamu, ile ile iliyomo katika ndizi na katika mbolea. Sehemu ndogo sana ya potasiamu, inayoitwa potasiamu-40, haikutulia: atomi zake hugeuka zenyewe kwa kasi isiyobadilika, nyingi zikawa kalisi na takriban moja katika kila kumi ikawa gesi ya agoni. Kasi hiyo imepimwa maabara, nayo ni ya polepole mno. Ingechukua miaka bilioni 1.25 kwa nusu ya atomi hizo kugeuka. Joto la kawaida la ardhini, mgandamizo au maji havina nguvu ya kuiharakisha wala kuichelewesha. Wakati mwamba ungali umeyeyuka, agoni hutoroka kama mvuke kutoka chungu kisichofunikwa. Ukiganda, fuwele hufunga mlango, na kuanzia siku hiyo kila chembe ya agoni inayozaliwa ndani yake hubaki ndani. Kwa hiyo mtafiti huchagua fuwele safi kutoka katika majivu, huzipasha moto mpaka ziachie gesi yote, hupima agoni iliyotoka, hupima potasiamu iliyobaki, na uwiano wa viwili hivyo humpa muda uliopita tangu mlipuko. Tunachopata ni umri wa mlipuko wenyewe, na ndiyo maana majivu yana thamani kubwa kwetu kuliko udongo au mchanga: majivu huundwa na kuanguka kwa siku chache, wakati chembe za mchanga zimetoka katika miamba iliyokuwapo zamani za kale kabla mto haujazisogeza.

Mary Leakey aliliona fuvu lile la Olduvai, lililopewa jina la Zinjanthropus, tarehe 17 Julai 1959. Wakati huo mumewe, Louis Leakey, alikadiria kwamba lilikuwa na zaidi ya miaka 600,000, na hata kiasi hicho kiliwashangaza wengi. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garnis Curtis wa California walitangaza pamoja na Leakey matokeo ya kipimo cha potasiamu na agoni, takriban miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio. Tangu hapo mbinu imeboreshwa. Leo mwali wa leza unaweza kuyeyusha fuwele moja moja, na vipimo vipya vya majivu yaliyo chini kidogo na juu kidogo ya fuvu vinaliweka kwenye miaka karibu milioni 1.84. Msomaji akiona tarakimu zimebadilika kutoka 1.75 hadi 1.84 asidhani kwamba wataalamu wanabahatisha. Katika muda wote huo ni takriban moja kwa elfu tu ya potasiamu-40 iliyogeuka, na ya hiyo ni sehemu ya kumi tu iliyokuwa agoni. Kupima kiasi kidogo namna hiyo na kukosea kwa asilimia tano katika jaribio la kwanza ni kazi ninayoiheshimu sana.

Kuna njia za kukosea, na mtaalamu mwaminifu huzitafuta kabla hazijatafutwa na wengine. Mlima unapolipuka unaweza kung'oa fuwele za mwamba wa kale na kuzichanganya na majivu mapya, na ukizipima hizo utapata umri mkubwa kupita kiasi. Fuwele iliyoanza kuoza hupoteza agoni na kutoa umri mdogo. Kinga yake ni kupima fuwele nyingi moja moja, kulinganisha majivu ya chini na ya juu kuona kama miaka inafuata mpangilio wa matabaka, na kuuliza ushahidi wa aina nyingine kabisa. Hapo Olduvai ushahidi huo ulikuwapo katika lava nyeusi iliyo karibu na sakafu ya bonde. Lava inapopoa, madini yake ya chuma hujipanga kufuata sumaku ya dunia na kuganda hivyo, na tunajua kwamba sumaku hiyo imegeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini na kusini ikawa kaskazini. Lava ile iliganda katika kipindi kifupi ambacho dira ingeelekea kaskazini kama leo, katikati ya muda mrefu wa kinyume, kati ya miaka milioni 1.95 na 1.78 hivi iliyopita. Kipindi hicho wanajiolojia wa dunia nzima wanakiita Olduvai, na wanakitafuta katika miamba ya Ulaya, Asia na sakafu za bahari kuu ili kujua wamefikia wakati gani.

Wengi hudhani kwamba kila kitu cha kale hupimwa kwa kaboni. Kaboni-14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, na ikishapita miaka 50,000 hivi kilichobaki ni kidogo mno kuaminika. Kwa Olduvai haina msaada wowote, lakini kwa mkaa, makombe na matope ya ziwa ni chombo kizuri. Jirani zetu wa Moshi wanajua Ziwa Chala, lililo mpakani na Kenya chini ya Kilimanjaro, ndani ya kreta yenye kuta zilizosimama. Maji yake ni ya kina cha mita zaidi ya 90, na chini kabisa hakuna viumbe wa kuvuruga matope, kwa hiyo katika sehemu kubwa ya matabaka ya juu unaona safu nyembamba za giza na za weupe zikifuatana, jozi moja kwa mwaka. Ule weupe ni magamba ya mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wanaozaliana kwa wingi katika miezi ya baridi na upepo, kuanzia Juni hadi Septemba. Mwaka 2016 watafiti walitoboa sakafu ya ziwa hilo na kuinua matope yenye urefu wa zaidi ya mita 200, yanayorudi nyuma miaka ipatayo 250,000, na ndani yake mna chavua, majivu na alama za miaka ya ukame na ya mvua. Mtu anayelima Rombo leo ana kumbukumbu ya hali ya hewa ya mahali pake iliyo ndefu kuliko karibu popote pengine katika ukanda huu.

Visukuku pia husaidia mahali ambapo hakuna majivu. Mwishoni mwa karne ya 18 William Smith, mpimaji wa mifereji huko Uingereza, aliona kwamba kila tabaka lilikuwa na makombe ya aina yake na kwamba mfuatano wa aina hizo haukubadilika popote alipochimba. Kwa msingi huo alichora ramani ya miamba ya nchi yake, iliyotoka mwaka 1815. Tanzania tuna mfano wake Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichukua zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria, kwa jasho la mamia ya vibarua wa Kiafrika na msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Tendaguru matabaka yenye mifupa yanapishana na mchanga wa baharini wenye makombe ya amonaiti, wanyama wa baharini waliobadilika umbo haraka na kuenea katika bahari nyingi. Mifupa peke yake isingeweza kutaja wakati wake, lakini makombe yale yanalingana na ya matabaka ya Ulaya yanayojulikana, na kwa njia hiyo tunajua kwamba dinosaria wa Lindi waliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, pembezoni mwa bahari iliyokuwa ikipanda na kushuka.

Ushahidi wa visukuku una mipaka ambayo haifai kufichwa. Mahali pengi tabaka moja linakaa juu ya jingine huku katikati kukiwa na mamilioni ya miaka ambayo hayakuacha chochote, kwa sababu hakuna kilichowekwa au kilichowekwa kilisombwa. Kutokuwapo kwa kisukuku si hakika ya kutokuwapo kwa kiumbe. Samaki silikanti alijulikana kwa visukuku tu, na wa mwisho wao walikuwa wa zama za dinosaria, hata ikadhaniwa kuwa ametoweka. Mwaka 1938 akavuliwa mzima Afrika Kusini, na wavuvi wa Tanga wamekwisha kumpata mara nyingi katika maji yetu.

Kijana akitaka kujua umbali ambao safari hii inafika, asitazame volkano, kwa sababu zote za kwetu ni changa. Huko Mererani wanaapolo huchimba tanzanaiti, iliyotambuliwa mwaka 1967, katika miamba iliyojaa madini ya kinywe, yale meusi ya ncha ya penseli. Kinywe kile kilikuwa mabaki ya viumbe katika matope ya bahari ya kale. Matope hayo yalizikwa chini sana na kupikwa mabara yalipogongana, na ndani ya miamba iliyogeuzwa hivyo tanzanaiti ikajitengeneza takriban miaka milioni 585 iliyopita. Yale majabali ya Serengeti wanakolala simba yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Chembe kongwe zaidi ya dunia yetu iliyopimwa, fuwele ya zikoni kutoka Australia, ina miaka bilioni 4.4, na umri wa dunia yenyewe, takriban bilioni 4.55, aliupata Clair Patterson mwaka 1956 kwa kupima madini ya risasi ndani ya vimondo, kwa kuwa vimondo viliumbika pamoja na dunia lakini havikuyeyushwa na kuchanganywa tena kama miamba yetu. Kile kimondo kikubwa cha Mbozi mkoani Songwe ni cha chuma, kama kile alichokitegemea Patterson.

Mwisho, jambo la vitendo. Ikitokea kwamba mafundi wenu, au kijana akiwa kwenye korongo lolote, wanakuta kitu kizito chenye umbo la mfupa au jino, kisiondolewe. Umeona kwamba umri wa fuvu la Olduvai ulitoka katika majivu yaliyolizunguka. Mfupa ukishatolewa ukawekwa kabatini, hakuna maabara itakayoweza kurudisha habari ya mahali ulipokuwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda visukuku pamoja na mabaki mengine ya kale, kwa hiyo kuvichukua au kuviuza ni kosa. Pigeni picha mkiweka kalamu au rula pembeni ili ukubwa uonekane, pimeni kina kutoka juu ya ardhi, andikeni kilikuwa katika tabaka la rangi gani na nini kilikuwa juu na chini yake, kisha toeni taarifa kwa afisa utamaduni wa halmashauri au kwa Makumbusho ya Elimu Viumbe yaliyopo Boma la zamani, Arusha mjini. Kwa shimo lenu la sasa, kabla halijajengewa, kijana achore ukuta wake wote kwa vipimo, akiandika unene wa kila tabaka na kubandika punje chache za kila moja kwa gamu pembeni ya mchoro.